Anayekoroga Ndiye Anayesema

Jumapili, 12 Septemba 1999

Kaka yangu Norbert ameniambia nina maneno mengi, na kwamba miaka sitini na mitatu ingetosha kumfunza mtu kunyamaza. Basi mengine nitayaweka humu.

Msimu wa mpira wa Kimarekani umefunguliwa hapa Green Bay. Kabla jua halijachomoza tuliwasha kuni uani, tukapandisha lile sufuria la chuma la marehemu baba, tukatia kuku, mikia ya ng'ombe, viazi, karoti, kabichi na vitunguu. Watu walipoanza kuegesha magari mtaani kwetu ili waende uwanjani kwa miguu, buya, mchuzi wetu mzito wa kila kitu sufuria moja, ilikuwa inatokota na majirani wamefika na mabakuli yao. Sheria ya baba ni ile ile tangu nikiwa mtoto: anayekoroga ndiye anayesema. Ukiushika mwiko, hakuna wa kukukatiza. Ukiacha kukoroga, unautoa. Na buya ikiungua mkononi mwako, huugusi tena mpaka msimu uishe. Ndiyo maana hapa kwetu hoja ndefu haimchoshi mtu, maana hoja zikikatika chakula kinaungua.

Na hoja ni moja kila mwaka. Nani mkimbiaji bora kuliko wote waliowahi kubeba mpira, na nani mdakaji bora kuliko wote waliowahi kuudaka hewani. Mdakaji wangu ni Don Hutson, na sitaki ubishi. Baba alikuwepo mwaka 1935 Hutson alipodaka mpira wa kwanza siku ya kwanza, akakimbia nao uwanja karibu wote, akawafunga Bears, wale dubu wa Chicago, mahasimu wetu. Mkimbiaji wa Norbert ni Jim Brown. Tangu mkewe alipofariki na mimi nikahamia humu kumtunza, tumebishana mimi na yeye kila vuli, na watu huja kutusikiliza kama wanavyokuja kula.

Leo kaja na mgeni. Mwanamke, nywele nyeupe zimekatwa fupi, koti jekundu.

"Huyu ni Rosalie Wojtas," akasema Norbert. "Tulikutana kwenye chakula cha samaki cha Ijumaa kanisani. Amehamia kwa binti yake."

"Karibu, mama. Unatokea wapi?" akauliza Gordy Baeten, jirani yetu, dereva wa malori, ambaye mdomo wake haujui likizo.

"Berwyn."

"Berwyn ya Chicago?" Gordy akashika kichwa. "Mungu wangu! Norbert kaleta dubu uani!"

Watu wakacheka. Nikadhani mwanamke atatahayari, lakini akanyoosha mkono akaomba mwiko. Akaukamata vizuri, mkono mmoja juu na mmoja katikati, akaanza kukoroga polepole.

"Jim Brown alikuwa mkubwa, simkatai," akasema. "Lakini niambieni, mpira akiwa nao mwenzake, Jim Brown alikuwa akifanya nini? Alikuwa akitazama, kama ninyi mnavyonitazama mimi. Walter Payton wetu wa Bears asipokuwa na mpira alikuwa anawagonga watu ili mwenzake apite. Mkimbiaji bora ni yule anayefanya kazi hata zamu isipokuwa yake."

Norbert akacheka mpaka akafuta macho. Mimi nimemtolea hoja kaka yangu miaka kumi na minane, na sikumbuki kama aliwahi kufuta macho.

Tumewafunga Oakland.

Jumapili, 19 Septemba

Tumefungwa na Detroit. Barry Sanders, mkimbiaji wao, amestaafu kiangazi hiki kwa barua aliyoipeleka gazetini kwao, akiwa amebakiza kama msimu mmoja kuipita rekodi ya yadi ya Payton, na bado wametufunga bila yeye. Norbert aliutazama mchezo kwa Rosalie. Mimi nilikula mkate na jibini nikiwa nimesimama.

Jumatano, 22 Septemba

Norbert amenunua shati jipya. La buluu. Nilimuuliza la nini, akasema la zamani limechakaa. La zamani nililishona kola mwenyewe mwezi wa sita na halijachakaa hata kidogo.

Jumapili, 26 Septemba

Rosalie alikuja mapema kumenya viazi. Sikumwita. Anamenya maganda membamba, kiasi kwamba sikupata la kusema. Aliposhika mwiko aliwaeleza watu jinsi Payton alivyokuwa akikimbia mlimani peke yake wakati wa joto mpaka wenzake waliomfuata wanatapika. Gordy, anayewachukia Bears kuliko anavyoichukia kodi, alisahau bakuli lake mkononi.

Gordy akaninong'oneza, "Wifi yako ana mdomo mtamu."

"Sina wifi," nikamwambia.

"Bado," akasema.

Tuliwashinda Minnesota dakika ya mwisho kabisa. Uwanjani Norbert alinikumbatia kama kawaida, kisha akasema, "Rosalie angeufurahia huu." Hata pale! Viti ni viwili, baba aliviacha viwili, kimoja cha Norbert na kimoja changu, na mtu wa tatu alikuwa amekwisha kuketi katikati yetu.

Jumapili, 3 Oktoba

Leo hakuna mchezo. Mvua. Majani yote ya mchongoma yameanguka kwa usiku mmoja. Norbert alikwenda kumsafishia Rosalie mifereji ya paa. Mifereji yetu imeziba.

Jumapili, 10 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nitaanza na sufuria.

Mchezo na Tampa ulikuwa wa jioni, kwa hiyo watu walikaa uani mchana kutwa na walikuwa wengi kuliko siku zote. Nilikuwa nimejipanga. Juma zima, nikifua, nikipiga pasi, nilikuwa nikizitunga hoja zangu, maana nilijua Rosalie atahamia kwa wadakaji, na kwa wadakaji ndiko kwangu.

Kweli akahamia. Akashika mwiko akasema, "Leo tuseme ukweli kuhusu Jerry Rice." Akaeleza kwamba Rice alikuwa mtoto wa fundi mwashi, akidaka matofali aliyorushiwa na kaka zake, na kwamba mikono iliyodaka matofali haiwezi kuogopa mpira. Akasema Rice amedaka mipira mingi kuliko yeyote na bado anacheza. "Hutson alikuwa baba wa wadakaji," akamalizia. "Lakini baba akizeeka, mtoto hushika nyumba."

Watu wakapiga vijiko kwenye mabakuli. Norbert naye akapiga. Niliona kijiko chake kikigonga bakuli nililomnunulia mimi.

Nikauchukua mwiko. Nikakoroga vizuri mwanzoni. Nikasema, "Rice anacheza siku ambazo ukimgusa mdakaji unaadhibiwa. Hutson alikuwa akipigwa tangu anaanza kukimbia mpaka anadaka. Mpira wenyewe wakati huo ulikuwa mnene kama tikiti. Na akimaliza kudaka alibaki uwanjani kulinda, na kupiga mikwaju ya pointi. Ana mchezo mmoja alipata pointi ishirini na tisa kwa robo moja tu. Robo moja! Rice amewahi?"

"Hajawahi," akasema Gordy. Moyo ukanipanda.

"Sasa niwaonyeshe alivyokimbia," nikasema. Nikainua mwiko. Nikachora hewani njia ya Hutson siku ile ya 1935 kama baba alivyonichorea kwa fimbo mwaka baada ya mwaka: anakwenda taratibu kama aliyechoka, mlinzi anajilegeza, halafu ghafla anafyatuka. Nikaichora mara ya kwanza. Nikamwona Rosalie anaufuata mwiko kwa macho, mdomo wazi, na ule utamu wa kumwona vile ukanilevya. Nikaichora mara ya pili, polepole zaidi. Mchuzi ulikuwa unanidondokea kwenye mkono wa sweta wala sikuhisi.

Harufu ndiyo iliyonishtua. Inapoungua, buya hainuki kama nyama. Inanuka kama kabichi iliyotupwa jikoni mwa shetani. Nikatumbukiza mwiko nikakwangua chini, kumbe nimekosea mara mbili, maana ukikwangua ndipo uchungu unapopanda juu. Sufuria zima likaharibika. Wageni wote wale, na wengine walikuwa wameleta watoto.

Watu wakaweka mabakuli chini. Ningependa wangenicheka. Norbert akaja akauchukua mwiko mkononi mwangu, si kwa ukali, na hilo ndilo lililoniuma.

"Unaijua sheria ya baba, Leona."

"Naijua kaka."

"Mpaka msimu uishe."

Kisha akageuka, akampa Rosalie. Mbele ya watu wote. Akamwomba amsaidie kuosha sufuria na kuanza upya na soseji. Rosalie akanitazama akasema, "Ulivyomchora, nimemwona." Nikamjibu asante, na ndani nikamwombea ateleze kwenye ngazi. Mchimba kisima huingia mwenyewe: nilitaka aumbuke yeye na mwiko, nimeumbuka mimi.

Jumatatu, 11 Oktoba

Nimelisugua lile sufuria kwa mchanga. Weusi wote haujatoka.

Jumapili, 17 Oktoba

Denver wametupiga vibaya. Hata sikuumia. Hapo ndipo nilipojua naumwa.

Ijumaa, 22 Oktoba

Kwenye samaki kanisani waliketi meza moja na mimi. Rosalie anampunguzia Norbert chumvi. Miaka yote mimi nikimpunguzia chumvi alikuwa ananiita askari jela. Leo akasema, "Asante, mpenzi."

Jumatatu, 1 Novemba

Mchezo wa leo ulikuwa wa Jumatatu jioni. Mchana sufuria lilikuwa juu ya moto na Gordy ndiye anayekoroga, anasema upuuzi wake kuhusu wachezaji wa siku hizi. Redio ya gari lake ilikuwa wazi. Ikatangaza kwamba Walter Payton amefariki dunia. Wote tulijua anaumwa ini, alikuwa ametokea mwanzoni mwa mwaka akalia mbele ya kamera. Hata hivyo hakuna aliyetegemea iwe leo.

Gordy, mtu mzima yule, akasema, "Basi kwa wakimbiaji mjadala umepungua mmoja," akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Rosalie akavuka ua. Akanyoosha mkono, Gordy akampa mwiko. Tukangoja. Ana mwiko, ni zamu yake, kwa sheria hakuna anayeweza kufungua mdomo. Hakusema kitu. Alikoroga tu, machozi yanamtoka, hayafuti kwa sababu mikono ina kazi. Uani kote, watu wa Green Bay waliolelewa kumchukia yule mtu kila alipotujia, wakasimama kimya wamevua kofia, kwa sababu mwiko uko mkononi mwa mwanamke asiyesema.

Ilikuwa hoja bora kuliko zote nilizowahi kusikia kwenye ule moto. Nami niliona wivu. Naandika neno hilo bila kulipaka sukari. Nimemwonea wivu mpaka msiba wake. Hutson alipofariki mwaka juzi ilikuwa mwezi wa sita, hakuna mchezo, hakuna sufuria. Nililia chumbani kwa kufulia huku mashine inazunguka ili Norbert asisikie, kwani angesema mzee wa miaka themanini na zaidi amekwisha kuishi vya kutosha. Na leo Norbert alimwendea Rosalie akasimama nyuma yake, akaweka mkono mgongoni kwake, akauacha pale.

Tumefungwa na Seattle. Sawa tu.

Alhamisi, 4 Novemba

Nililiona likija toka Jumatatu. Norbert alikuja jikoni, akazungukazunguka, akafungua friji akaifunga.

"Leona, Jumapili ni Bears."

"Najua kalenda."

"Nilikuwa nawaza... mwaka huu, kwa vile yule mtu amefariki, na Rosalie hajawahi kuingia uwanjani kwetu..."

"Sema, kaka."

"Kiti chako. Siku moja tu."

Nikaweka kisu chini. Nikamwambia kiti kile nilikalishwa na baba siku uwanja ulipofunguliwa, nikiwa msichana, na sijakosa mchezo wa Bears hata mmoja, wala siku nilipotoka hospitali. Nikamwambia amempa mwiko wangu, amempa meza yangu, amempa chumvi yangu. Kiti, hapana. Afadhali aniombe jino.

Akasema, "Sawa, mdogo wangu." Akatoka. Nilishinda, na chakula changu cha jioni nikakirudisha kwenye friji.

Jumamosi, 6 Novemba

Asubuhi nimekuta tiketi ya Norbert mezani, imeegemezwa kwenye kikombe changu, nyuma ameandika Rosalie. Amempa Rosalie kiti chake yeye. Kesho nitakaa naye.

Jumapili, 7 Novemba

Nilitembea mbele, yeye nyuma, mitaa yote mpaka langoni. Norbert alibaki na sufuria, akatupungia mkono kama anayewapeleka watoto shule.

Viti vyetu ni benchi la bati lenye namba, baridi inapanda kutoka chini. Tulikaa tumegusana mabega maana hakuna nafasi ya chuki pale. Alikuwa amevaa koti lake jekundu limefungwa mpaka shingoni. Baadaye jua lilipotoka kidogo akafungua vifungo viwili, nikaona ndani amevaa jezi ya Bears, namba thelathini na nne. Ya Payton.

"Una wazimu?" nikamwambia.

"Nimeivaa kila Jumapili tangu 1977," akasema. "Nisingeivua leo."

Tukatazama. Hakupiga kelele. Bears wakifanya vizuri alikuwa anabana magoti tu. Mapumziko yalipofika akatoa chupa ya kahawa, akanimiminia kwanza.

"Unajua kwamba sikupendi," nikasema. Nilikuwa nimechoka kuyabeba.

"Najua. Hata mimi sikupendi sana."

Nikageuka kumtazama. Sikutegemea.

"Unashangaa nini?" akasema. "Siku ya kwanza kula naye chakula, Norbert alinieleza habari za Don Hutson mpaka samaki wakapoa. Nikamuuliza, unampenda Hutson kiasi hicho? Akasema, mimi? Mimi nampenda Jim Brown. Hutson ni wa Leona. Toka siku hiyo ni Leona kasema hivi, Leona angejibu vile. Nikipika, Leona anatia karafuu. Nikitoa hoja pale kwenye sufuria na watu wakapiga mabakuli, namtazama yeye, na yeye anakutazama wewe kuona utajibu nini. Miaka kumi na minane umekaa naye, mama. Mimi nina miezi mitatu, na nusu yake nimeikaa na wewe bila wewe kuwepo."

Mwiko sikuwa nao. Nikanywa kahawa. Ilikuwa imetiwa karafuu.

Mwisho wa mchezo watu watausimulia mpaka tufe. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, sekunde zimekwisha, mpigaji wetu anakuja kupiga mkwaju wa karibu kabisa, wa kupiga amefumba macho. Watu walikuwa wameanza kushuka ngazi. Akapiga. Mmoja wa Bears akaruka, mkono ukapanda juu kuliko unavyopaswa kupanda mkono wa mtu mzito vile, mpira ukamgonga, ukaanguka. Basi. Tumefungwa.

Rosalie hakupiga kelele. Alinishika mkono chini ya blanketi, akaubana mpaka pete yake ikaniacha alama. Machozi yalikuwa yanamshuka huku anacheka bila sauti. Nilikuwa na hasira ya kufungwa, nilitaka kumsukuma mpaka safu ya mbele. Nyuma yetu wanaume wawili walevi walikuwa wanatukana Bears, na Chicago, na marehemu. Nikaona vifungo vyake viko wazi na ile namba inaonekana.

"Funga koti," nikamwambia. "Watakumwagia bia."

Kifungo cha kwanza kikamponyoka. Nikamfunga mimi.

Jumapili, 14 Novemba

Tumefungwa Dallas. Theluji ya kwanza, nyepesi. Rosalie alipiga simu kuniuliza karafuu ngapi. Nikamwambia tano. Ni tatu.

Jumatatu, 15 Novemba

Nimempigia nikamwambia ni tatu. Akasema, "Nilidhani hivyo, nikatia tatu."

Alhamisi, 25 Novemba, Siku ya Shukrani

Bata mzinga, viazi, mchuzi, watu watatu mezani. Baada ya kula Norbert akakohoa kama anayetaka kuhutubia bunge. Wanaoana, Jumamosi kabla ya Krismasi, padri amekwisha kukubali. Na baada ya Krismasi wanahamia Berwyn. Nyumba ya Rosalie iko kule, hakuiuza, na wajukuu wengine wako kule.

"Wewe baki na hapa," Norbert akasema. "Nyumba, sufuria, na viti vyote viwili nimekuandikia wewe. Ndiyo haki."

Vyote viwili! Toka Septemba nimepigania kimoja.

Nikasema hongereni. Nikaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini hawakusema mgeni akiondoka na mwenyeji mmoja itakuwaje kwa yule anayebaki.

Jumapili, 5 Desemba

Tumewafunga Bears kwao. Nilisimama peke yangu mbele ya televisheni nikapiga makofi. Peke yako makofi yanasikika kama mtu anaua mbu.

Jumapili, 12 Desemba

Carolina wametufunga nyumbani sekunde ya mwisho. Kwenye sufuria Norbert na Rosalie walipokezana mwiko, Brown na Payton, Payton na Brown, na watu walicheka sana. Mimi nilikata mkate. Norbert alisema Brown aliacha mpira angali kijana wa nguvu, anaongoza wote. Nilikuwa na jibu. Nililimeza, likakaa kifuani kama mfupa.

Jumamosi, 18 Desemba

Wameoana. Rosalie alivaa kijivu. Nilimsimamia mimi kwa sababu binti yake alikuwa na homa. Gordy akaniita, "Wifi mtu!" kanisani humo humo. Nikamkanyaga.

Jumanne, 28 Desemba

Wameondoka. Norbert aliliacha lile shati la buluu kabatini, akachukua la zamani lenye kola yangu. Nimekaa nalo kitandani lile la buluu kwa muda, halafu nikalikunja.

Jumapili, 2 Januari 2000

Mchezo wa mwisho wa msimu. Norbert alikuwa ameahidi kuja, lakini asubuhi alipiga simu kwamba barabara zina barafu na Rosalie hataki aendeshe. Hataki! Miaka yote nilimkataza kuendesha kwenye barafu na hakunisikia hata siku moja.

Niliwasha moto mwenyewe. Sheria ni sheria, msimu haujaisha, kwa hiyo niliandaa kila kitu kisha nikampa Gordy mwiko. Watu walikuja wachache kuliko kawaida. Walikula, wakazungumza habari za magari. Hakuna aliyeuliza nani mkimbiaji bora. Nilisimama na sahani yangu ya mkate, nikaona kumbe watu hawakuwa wakija kwa ajili ya buya, na nikawaonea uchungu, na mimi nikajionea zaidi.

Halafu Gordy, anakoroga, akasema, "Angalau mwaka huu tumepumzika na yule Payton wa bibi wa Chicago. Mkimbiaji bora, eti! Fainali yao kubwa, timu nzima inafunga, mpaka lile jitu lao la ulinzi wakalipa mpira likafunga, yeye hakupata hata moja. Mkimbiaji bora asiyefunga siku ya fainali?"

Wakacheka wote. Ni watu wangu, nimekua nao, na wakacheka.

Sijui nilivukaje ua. Ninachojua ni kwamba mwiko ulikuwa mkononi mwangu na Gordy ananitazama.

"Leona, wewe huruhusiwi..."

"Ninakoroga," nikamwambia. "Nyamaza."

Nikakoroga. Nikasema, "Hakufunga, kwa sababu kila alipoushika mpira wapinzani walimwendea yeye, wote. Wenzake walipita nafasi aliyoifungua kwa mwili wake. Miaka mingi kabla ya hapo alibeba timu mbovu mgongoni na hakulalamika. Miaka kumi na mitatu alikosa mchezo mmoja tu, na hata huo alisema angeweza kucheza. Kila vuli alikuja hapa akatugonga, na mimi kila vuli nikamwombea avunjike mguu, Mungu anisamehe. Mtu humwombei mabaya miaka yote hiyo kama hana kitu. Humwonei wivu mtu wa hivi hivi. Mimi nawaambia ndiye mkimbiaji bora aliyewahi kubeba mpira, na mwenye jibu aje aushike mwiko."

Nikangoja, nakoroga, sikuinua mwiko hata kidogo. Hakuna aliyekuja. Gordy alitazama viatu vyake. Aliyekuwa na jibu alikuwa Berwyn, anamtetea Jim Brown kwa mke wake.

Tuliwafunga Arizona pointi nyingi na haikusaidia, msimu umekwisha. Niliutazama kutoka benchi la bati, koti langu nimelilaza kwenye kiti cha pili.

Jioni nilipiga simu Berwyn. Akapokea Rosalie.

"Wifi," nikasema. Ndiyo mara ya kwanza. "Leo nimemsemea mtu wako. Mbele ya Gordy na wote. Nimevunja sheria ya baba."

"Umesema nini hasa?" akauliza.

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na ile siku aliyokuwa na mafua makali, akawakimbilia Minnesota yadi mia mbili sabini na tano?"

"Nilisahau."

"Wifi! Hiyo ndiyo hoja yenyewe! Unaanzaje na fainali ukaacha mafua?"

"Si ungekuja useme mwenyewe! Na nikwambie, mafua au hakuna mafua, kwa kudaka hamna mtu pale. Ukija masika nitakuonyesha Hutson vizuri, bila kuunguza kitu."

"Nionyeshe sasa. Anaanzaje?"

Nikaanza. Nikiwa katikati nikamsikia Norbert nyuma yake, ile sauti yake ya kutoka kitini. "Ni nani huyo? Ni Leona? Mbona hukuniita? Nipe, niongee na dada yangu."

"Ngoja," Rosalie akamwambia. "Mwiko anao yeye."

Kaka yangu akanuna. Namjua, nilisikia kabisa anavyonuna, kiti kikalia alivyoketi tena. Alikuwa anaona wivu. Nikaichora njia ya Hutson kuanzia mwanzo, polepole kuliko siku zote.